Usione haya kumuuliza mnara mara ya pili

Juzi kijana mmoja anayesomea urubani aliniandikia: "Shikamoo dada. Waongoza ndege wanaongea haraka sana, na nikiomba warudie, mwalimu ananikunjia uso. Siku hizi najibu tu 'roger', yaani nimesikia, halafu nabahatisha. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako niliusoma usiku na usingizi ukaniruka. Ukizoea kubahatisha sasa, kesho utabahatisha huku unashuka na watu, nao wamefunga mikanda wakiamini kwamba wewe unajua.

Unachokitafuta nakijua, maana sote tunaosoma ukurasa huu tunakitafuta: mistari minne begani na kiti cha kushoto, yaani ukapteni. Mimi mwezi huu nimekipata kiti hicho, na nasema alhamdulillahi kwa sauti kubwa. Habari za ada, kujaza masaa ya kuruka na kusubiri ajira siziandiki leo. Nitakusimulia mchana mmoja tu.

Nilikuwa rubani msaidizi kwenye Caravan, ndege ndogo ya abiria. Tumetoka mbugani na watalii, tunaingia uwanja mmoja wa pwani saa ile ambayo ndege ndogo zote zinarudi pamoja na redio haipumziki. Tumeshanyoosha kuelekea njia ya kurukia, mnara, yaani waongoza ndege wa uwanja, ukatuita. Papo hapo rubani mwingine naye akabonyeza kitufe, sauti zikagongana, tukaambulia jina letu na mluzi. Kapteni wangu, mtu mzima aliyeruka miaka mingi, akasema, "Haya, tumeruhusiwa."

"Mzee, mimi sijasikia ruhusa."

"Mimi nimesikia."

Nikabonyeza, nikasema, "Say again," yaani rudia. Jibu likaja mbio, nikashika nusu. Nikaomba tena. Safari hii mwongoza ndege alikasirika, akatamka neno moja moja kama anayemsomea mtoto imla: endeleeni kuja, ninyi ni wa pili, kuna ndege bado iko kwenye njia. Ruhusa ya kutua haikuwemo. Mzee akapunguza mwendo bila kunitazama. Ile ndege ikatoka tukiwa tunaiona kwa macho, ndipo tukaruhusiwa, tukatua.

Watalii walishuka wakipiga picha. Ofisini, mbele ya mafundi na wahudumu, mzee akasema, "Huyu binti Kiingereza hakipandi. Ananiaibisha kwenye redio." Watu wakacheka. Baada ya hapo jina langu likatoweka kwenye ratiba zake, na masaa yale niliyahitaji kweli. Hajawahi kuyafuta maneno yake. Linaniuma mpaka leo, sitadanganya. Na kesho ikitokea vilevile nitauliza tena, hata mara ya tatu.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma ripoti za ajali, na iliyonishika zaidi ni ya Avianca 052. Tarehe 25 Januari 1990 Boeing 707 hiyo ilikuwa inatoka Colombia kwenda New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, foleni ndefu, ikazungushwa angani kwa jumla ya saa moja na dakika 17. Rubani msaidizi aliwaambia waongoza ndege kwamba wanahitaji kupewa kipaumbele. Jaribio la kwanza la kutua likashindikana. Kapteni akamwagiza awaambie wako katika hali ya dharura. Yeye akasema redioni kwamba watajaribu tena, na kwamba mafuta yanawaishia. Kapteni akamuuliza kama ameshawaambia, akajibu ndiyo. Neno la dharura halikutamkwa. Mwongoza ndege alipowapeleka mbali kidogo ili wageuze, aliwauliza kama hilo linawafaa kwa mafuta waliyonayo. Msaidizi akajibu kwamba anadhani ni sawa, akashukuru sana.

Akashukuru! Injini zikazima zote, ndege ikaanguka Cove Neck, Long Island. Kati ya watu 158 walikufa 73. Haikuwaka moto, maana hapakuwa na mafuta ya kuwaka.

Mwongoza ndege haoni geji yako ya mafuta. Anaona alama kwenye rada, au anakutafuta kwa darubini, na kila anayeshuka mchana ule ana haraka. Ndiyo maana siku hizi kuna maneno maalumu. "Minimum fuel" ni kumwambia kwamba ukicheleweshwa zaidi utagusa akiba ya mwisho ya mafuta. "Mayday fuel", mayday ikitajwa mara tatu, ni kumwambia kwamba utatua ukiwa umeshaigusa. Yaseme hayohayo. Usiyapambe, usiombe radhi, usiyavike adabu.

Na sisi marubani tunasikia vibaya, na waongoza ndege nao wanaweza wasilinase kosa letu. Tarehe 19 Februari 1989 Boeing 747 ya mizigo ya Flying Tiger ilikuwa inashuka Kuala Lumpur. Ilielekezwa ishuke hadi futi 2,400, kwa tarakimu moja moja, "two four zero zero". Kapteni akajibu "four zero zero", yaani futi 400. Ile "two" (mbili) ya mwanzo ilisikika kama "to" (hadi) tu, maana kwa Kiingereza hutamkwa sawa. Jibu hilo lenye kosa halikusahihishwa, ndege ikagonga kilima, wote wanne waliokuwemo wakafa.

Kwa hiyo "roger" yako, mdogo wangu, haitoshi. Ruhusa ya kutua, namba ya njia, kimo, uelekeo: vyote virudishe kama ulivyopewa, ili mwenzako apate nafasi ya kukusahihisha. Hukusikia, uliza. Umesikia nusu, uliza. Kapteni anasema amesikia na wewe hukusikia, uliza. Tumelelewa tusimrudishe mkubwa kwenye maneno yake, na nyumbani ni malezi mazuri. Kwenye redio malezi hayo yaache chini, pamoja na hofu ya kuchekwa lafudhi. Tangu Machi 2008 dunia nzima inadai Kiingereza cha ngazi ya nne kwa marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa, na ngazi hiyo haikutaki uongee kama Mwingereza. Inataka ueleweke, na ukikwama ujue kuuliza.

Mwalimu wako anayekukunjia uso, mwambie kwa heshima mkiwa chini, kabla ya kuwasha injini: "Mwalimu, leo nisiposikia nitaomba warudie." Halafu omba ruhusa uende mnarani siku usiyo na zamu. Mimi nilikwenda, nikakaa nyuma yao kimya tangu mchana hadi ndege za jioni zilipokwisha, nikawasikia wao wenyewe wakiomba marubani warudie, bila aibu yoyote.