Nzi-nyuki wanafanana? Angalia bawa, achana na manyoya

Dada mmoja wa Bukavu kanitumia foto mbili WhatsApp, nzi-nyuki wawili (nzi wenye manyoya wanaofanana na nyuki) wa njano, ananiuliza, yaya, hawa si ni aina moja tu? Hapana dada. Na nafurahi umeniuliza mi, juu huku Lubumbashi kuna wakubwa wa grupu yetu walinicheka mbele ya watu, eti fundi wa telefoni atajua nini mambo ya Bombyliidae (ndiyo familia ya hawa nzi-nyuki), na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyesema pole.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa njia ya Kasapa, kiangazi, mahali pa mchanga, nzi anaelea hewani na ule mdomo wake mrefu (usiogope, haumi), wakubwa wakaona manyoya tu wakasema Bombylius (jenasi moja, yaani kundi dogo ndani ya familia), yakaisha. Mi nikangoja atue, nikampiga foto kutoka juu, nikakuza foto mpaka mishipa ya bawa ikaonekana. Katikati ya bawa kuna chumba kirefu, na kuna kamshipa kafupi kanashuka kukigusa. Kwa Bombylius kako upande wa ncha ya bawa, kamepita katikati ya chumba. Kwa Systoechus, jenasi nyingine, kako upande wa mwili. Kangu kalikuwa upande wa mwili! Nikamtumia mtaalamu wa Ulaya, akajibu ndiyo, ni Systoechus, nikalibandika lile jibu kwenye grupu, kimyaaa.

Na si kubishania majina tu, watoto wa Systoechus wanakula mayai ya panzi mle udongoni, wa Bombylius wanakula watoto wa nyuki wanaochimba mashimo. Mkulima mmoja anamtaka kabisa, mwingine hana kazi naye.

Manyoya yanang'oka, yanapauka na jua, nzi mzee na nzi mpya utadhani ni aina mbili. Bawa halibadiliki. Wale wa mabawa yenye madoa pia, usikimbilie madoa, hesabu vile vyumba vya mbele karibu na ncha, jenasi Exoprosopa anavyo vitatu, jenasi Villa viwili. Jenasi Anthrax ana kaburashi ka nywele kwenye ncha ya kipapasio.

Nendeni asubuhi wakiwa wanaota jua chini, wametulia. Lakini nyie vijana mnataka jina haraka, mnatupia aplikasio foto ya nzi anayeruka, bawa ni ukungu mtupu, halafu mnaandika spishi kwa kujiamini! Bawa halionekani, andika familia uishie hapo, mishipa ikionekana andika jenasi, na mtu akikudharau muulize yeye ameona mshipa gani.