Ya kuvuta mbele au ya kusukuma nyuma?

SWALI: Naishi Kibosho, Moshi. Masika njia yetu ni utelezi mtupu. Ninunue gari la Toyota IST inayovutwa na tairi za mbele au Mark X inayosukumwa na za nyuma?

JIBU: Chukua IST. Injini inakandamiza tairi zilezile zinazovuta. Kwenye mlima mkali uzito huhamia nyuma, za mbele zikazunguka bure; basi ingia na mwendo, gia ya chini, kanyaga mafuta kidogo, usisimame katikati. Mark X ikiwa tupu, ukikanyaga mafuta konani, nyuma inakimbilia mtaroni. Tena iko chini mno kwa mawe ya huko!

Kila ukibadilisha oili, kagua buti za sivii jointi (CV joint), yaani mipira inayofunika viungo vinavyozungusha tairi za mbele. Buti likichanika, grisi humwagika, mchanga huingia, na ukikata kona utasikia ka-ka-ka. Buti ni rahisi kuliko jointi.