Maswali ya Wasomaji: Kamera Yako Inaonwa na Nani?

Barua tulizopokea mwezi huu kutoka Lamu na Malindi zinarudi kwenye jambo moja: mtu amenunua kamera ya usalama inayotumia mtandao, picha anaiona, lakini hajui kuitawala mwenyewe. Tumechagua barua nne. Nieleze msimamo wangu mapema, kwa kuwa utaonekana katika kila jibu: kazi ya kufunga kamera huisha pale mwenyewe anapojua kwa yakini ni nani anayeweza kuiona picha yake na ni nani asiyeweza.

Asalamu alaikum, Mwalimu. Mimi ni msimamizi wa nyumba ya wageni mtaa wa Mkomani, Lamu. Tuna kamera mbili, moja inatazama daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na nyingine ngazi ya kupandia juu. Fundi alizifunga, akanionyesha picha kwenye kompyuta, akenda zake. Umeme ulipokatika na kurudi, anwani aliyoniandikia haifungui tena. Hata ilipokuwa ikifungua, kivinjari kilinidai niweke programu ya ziada ndipo nione picha. Nataka niweze kuzisimamia mwenyewe. — Msimamizi, Mkomani

Waalaikumu salamu. Anza kwa kujua kwamba ndani ya kila kamera ya aina hiyo mna kompyuta ndogo yenye kurasa zake, na unapoandika anwani katika kivinjari, anayekujibu ni kamera yenyewe. Anwani hiyo mara nyingi hugawiwa na ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao nyumbani, kwa utaratibu uitwao DHCP, yaani ruta huikopesha kamera namba kwa muda. Umeme ukikatika, kila kifaa huomba namba upya, na namba iliyokuwa ya kamera ya daka yaweza kuangukia simu ya mgeni. Kamera yako haijaharibika, imehama tu.

Fungua ukurasa wa ruta, ambao anwani yake huwa imebandikwa chini ya ruta yenyewe, kisha utafute orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kila kamera ina kibandiko chenye namba ya MAC, tarakimu na herufi 12 zilizotengwa kwa nukta pacha. Linganisha kibandiko na orodha, kisha uiagize ruta iitengee kamera hiyo namba ileile siku zote. Napendelea utengaji huu ufanywe kwenye ruta kuliko kuandika namba ya kudumu ndani ya kamera, kwa sababu ukibadilisha ruta baadaye na mpya ikawa inagawa namba za kundi jingine, kamera uliyoikazia namba ya zamani hutaifikia tena kwa njia ya kawaida.

Ikitokea hivyo, au ukanunua kamera mpya iliyotoka kiwandani na namba yake, tuseme 192.168.1.64, ilhali ruta yako inagawa namba zinazoanza na 192.168.0, usikate tamaa. Unganisha kompyuta na kamera kwa waya, uipe kompyuta kwa muda namba ya kundi la kamera, kwa mfano 192.168.1.50, na kinyago cha mtandao (subnet mask) cha 255.255.255.0, kisha uiandike anwani ya kamera katika kivinjari. Ukurasa wake utafunguka. Ingia katika mipangilio ya mtandao, uwashe DHCP, uhifadhi, halafu uirudishe kompyuta katika hali yake.

Kuhusu programu ya ziada: kamera nyingi za zamani zilitengenezewa Internet Explorer, kivinjari ambacho Microsoft iliacha kukihudumia tarehe 15 Juni 2022. Chrome nayo ilikwisha kuziondoa programu-jalizi za mtindo wa kale tangu 2015. Kabla ya kupakua chochote, ingia katika mipangilio ya video ya kamera na utazame mtindo wa kubana picha. Ikiwa umewekwa H.265, jaribu kuweka H.264, angalau kwa mkondo wa pili ulio mdogo (picha ileile ikitumwa kwa ubora wa chini), kwa maana vivinjari vingi husoma H.264 kwa urahisi zaidi, na katika baadhi ya kamera picha hutokea papo hapo bila nyongeza yoyote. Isipotokea, kivinjari cha Edge kina namna ya kufungua kurasa kwa mtindo wa Internet Explorer. Itumie kwa ajili ya kamera hiyo tu. Programu ya ziada ichukue kutoka kwenye kamera yenyewe au kwa mtengenezaji wake, kamwe si kwenye tovuti uliyoiokota ukitafuta haraka.

Sasa lililo zito kuliko yote. Fundi wako ameondoka na nywila. Simtuhumu kwa lolote, lakini nyumba ya wageni haiwezi kuwa na ufunguo ulio mfukoni mwa mtu asiyekaa humo. Ingia kama msimamizi, ubadilishe nywila iwe ndefu, herufi 12 au zaidi, isiyotumika mahali pengine, kisha ukague orodha ya watumiaji na ufute usiowatambua. Mlinzi wa usiku mfungulie akaunti ya kutazama tu, isiyoweza kufuta rekodi wala kubadilisha mipangilio. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka duniani kikijaribu orodha ya nywila za kiwandani, zile za “admin” na “12345”, na kwa njia hiyo kikateka kamera na vinasa video kwa maelfu mengi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikiwaelekeza watu kwenye anwani za tovuti nyingi, hata Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi. Wenye kamera hizo hawakujua kitu. Picha zao zilionekana kama kawaida. Ukimaliza nywila, tazama pia kama mtengenezaji ametoa toleo jipya la programu ya ndani ya kamera, na ulipandishe wakati umeme ni wa uhakika, kwa kuwa ukikatika katikati ya kazi hiyo kamera yaweza kufa kabisa.

Nyongeza mbili kwa nyumba za Lamu. Kuta zetu za matumbawe na chokaa ni nene, na mawimbi ya Wi-Fi, hasa ya gigahezi 5, huzipenya kwa shida. Kamera ya daka ni bora iwe ya waya, na ukitumia swichi ya PoE waya mmoja hubeba umeme na picha hadi mita 100. Kabla ya kutoboa ukuta wa nje, wasiliana na ofisi ya Makumbusho, kwani Mji wa Kale uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001 na sura yake si mali ya mwenye nyumba peke yake. Pili, usiku taa za kamera zisizoonekana kwa macho hugonga ukuta mweupe wa karibu, mwanga hurudi kwenye lenzi, na uso wa aliyesimama mlangoni hutoka mweusi. Punguza nguvu ya taa hizo katika ukurasa wa picha au uigeuze kamera kidogo mpaka ukuta utoke pembeni mwa picha. Lenzi ifute kwa maji yasiyo ya chumvi na kitambaa laini, maana chumvi ya bahari hufanya ukungu ambao mipangilio haiuondoi.

Mwalimu, nina duka la vipuri vya pikipiki Malindi na mara kwa mara niko safarini Mombasa. Fundi anataka kufungua poti, yaani njia ya kuingilia kutoka nje, kwenye ruta ili nilione duka popote nilipo, lakini kila akijaribu haifanyi kazi. Mtandao wangu ni wa laini ya simu. Halafu bando linakwisha upesi mno. — Mfanyabiashara, Malindi

Ndugu yangu, poti haifunguki kwa sababu kampuni za simu kwa kawaida huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, hivyo anayegonga kutoka Mombasa hawezi kufikishwa kwenye ruta yako. Nami nafurahi kwamba imeshindikana. Poti iliyofunguliwa humfungulia kila mtu, na kuna huduma kama Shodan, iliyoanza 2009, ambazo kazi yake ni kupekua intaneti yote na kuorodhesha vifaa vinavyoitikia. Kamera yenye ukurasa wa kuingilia ulio wazi kwa ulimwengu hugunduliwa bila mtu kukukusudia wewe.

Njia ninayoipendekeza ni VPN: kifaa kimoja dukani, iwe ruta inayokubali au kompyuta ndogo isiyozimwa, huunganishwa na simu yako kwa njia iliyofungwa kwa siri, kisha unafungua anwani ya kamera katika kivinjari kana kwamba umekaa nyuma ya kaunta. Chagua huduma ya VPN ambayo vifaa vyote viwili hutoka nje kukutana, kwa kuwa hiyo hufanya kazi hata kwa laini ya simu. Njia nyepesi zaidi ni huduma ya mtengenezaji wa kamera, ambapo picha hupitia kwenye seva zake. Wengi huichagua, na si kosa, ila ujue umeongeza mtu wa tatu katika jambo lako. Basi akaunti hiyo iwekee nywila yake na uthibitisho wa hatua mbili. Kwa vyovyote vile, zima UPnP kwenye ruta na kwenye kamera, kwani huruhusu vifaa kujifungulia poti bila kukuuliza.

Ukifungua kamera kwa HTTPS, yaani kwa anwani inayoanza na https, kivinjari kitakuonya kwamba muunganisho hauaminiki. Ndani ya mtandao wako, au kupitia VPN yako, onyo hilo ni la kawaida, kwa sababu cheti cha kuutambulisha ukurasa kimetengenezwa na kamera yenyewe. Likitokea ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli bila VPN, funga ukurasa.

Bando tulipigie hesabu. Picha inayokwenda kwa megabiti 2 kwa sekunde hula megabaiti 900 kwa saa, nayo ni gigabaiti 21.6 kwa siku nzima. Ikiwa kamera inatuma rekodi zake kwenye seva za mbali mchana na usiku, huo ndio mfuko unaovuja. Rekodi ndani, kwenye kadi ya kumbukumbu: kadi ya gigabaiti 128 itabeba siku tano hivi kwa kiwango hicho, na nyingi zaidi ukirekodi panapotokea mwendo tu. Kurekodi ndani hakuli bando. Kutazama ndiko kunakokula. Ukiwa njiani tazama mkondo mdogo wa nusu megabiti, unaokula megabaiti 225 kwa saa, na ufungue ule mkubwa pale tu unapotaka kuuona uso wa mtu. Nunua kadi iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, maana za kawaida huchakaa zikiandikwa na kufutwa bila kupumzika.

Ghala letu liliibiwa saa saba usiku, lakini rekodi inaonyesha 22:00 ya tarehe iliyotangulia. Polisi wameniuliza mara mbili kama ni tukio lilelile. — Msomaji, Lamu

Ni lilelile. Saa saba usiku ni 01:00, nayo ikitolewa saa tatu ni 22:00 ya siku ya nyuma: kamera yako imebaki kwenye saa ya dunia, yaani UTC, badala ya saa ya Nairobi iliyo mbele kwa saa tatu. Katika mipangilio ya saa chagua UTC+3, uzime mabadiliko ya majira ya kiangazi ambayo sisi hatuna, na uwashe NTP ili kamera ijirekebishe yenyewe umeme ukirudi. Rekodi ya wizi usiiguse: pakua faili ya asili kupitia kivinjari, uihifadhi mahali pawili, na uandike maelezo ya tofauti hiyo ya saa tatu yakiambatana nayo. Usipige video ya skrini kwa simu ukadhani inatosha. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka rekodi za kielektroniki ziambatane na cheti cha mwenye dhamana ya kifaa, kwa hiyo muulize mpelelezi mapema nani atatia sahihi. Katika taarifa yako andika saa kwa namna zote mbili, saa saba usiku na 01:00, ili asomaye Nairobi asielewe vingine.

Mwalimu, jirani yetu hapa Shela amegeuza nyumba kuwa ya wageni na kuweka kamera juu ya ukuta. Naamini inaona kiwanda chetu, yaani ua wa ndani ya nyumba, ambapo wanawake wa nyumbani hukaa bila buibui. Anasema haioni. Nitajuaje? — Mama wa nyumba, Shela

Bibi, una haki ya kujua, na una haki ya kutoonwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mtu na ya nyumba yake, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inagusa picha za watu. Sheria hiyo humwachia nafasi mtu anayetumia data kwa mambo ya nyumbani kwake tu, lakini nyumba ya wageni ni biashara, na kanuni za 2021 zinawataka wenye biashara za malazi na wanaoendesha kamera za usalama wajiandikishe kwa Kamishna wa Kulinda Data hata biashara zao zikiwa ndogo.

Kabla ya sheria, nenda na mzee wa familia au mtu anayeheshimiwa na pande zote, umwombe jirani afungue ukurasa wa kamera mbele yenu na awaonyeshe picha ya moja kwa moja. Mtu mmoja wa kwenu asimame kiwandani wakati huo. Atakayeonekana ameonekana, na ubishi umekwisha. Akubali kuigeuza kamera. Hilo ndilo bora. Asipoweza kwa sababu anahitaji kuuona ukuta wake, kamera nyingi zina sehemu ya kuziba faragha, ambapo mwenyewe huchora pande nyeusi juu ya picha na eneo hilo halirekodiwi. Kama ni kamera inayozunguka, izungushwe kila upande mbele yenu ili mhakikishe kizuizi kinabaki juu ya kiwanda. Mwombe pia azime kipaza sauti, kwa sababu sauti hupita pale jicho lisipofika, na jambo hili husahaulika na wengi. Arekodi mabadiliko hayo na nakala ya picha mpya akupe, yenye tarehe. Akikataa yote hayo, peleka malalamiko kwa maandishi katika Ofisi ya Kamishna, ukieleza kamera ilipo, inapoelekea, na siku mliyozungumza naye.