Wasomaji Wauliza: Wiki ya Kuchora Toscana, au Ninunue Ng'ombe?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Nilistaafu ualimu wa shule ya msingi na ninaishi Kakamega. Siku hizi nachora kwa rangi za maji, hasa msitu wetu na akina mama wa sokoni. Binti yangu anafanya kazi Milano na anataka kunilipia wiki moja ya uchoraji kwenye nyumba ya kale ya shambani iliyokarabatiwa, karibu na mji wa Siena, mkoa wa Toscana, Italia. Ndugu zangu wanasema pesa hizo zingetosha kununua ng'ombe wa gredi. Mimi hofu yangu ni nyingine: nitaketi vipi na Wazungu waliosomea sanaa, nami nimejifunzia mezani jikoni?
Mama wa Kakamega

JIBU: Mama, nenda. Binti hakukupa bei ya ng'ombe, amekupa wiki nzima ambayo hakuna atakayekuita ukiwa umeshika brashi. Wewe uliyelea watoto wako na wa wenzako, wiki ya namna hiyo uliipata lini?

Hofu ya wasomi iweke kando. Nilipokwenda mimi, wenzangu mezani walikuwa nesi mstaafu, fundi umeme na wake kwa waume waliokuja kupumzika na kujifunza. Hakuna mtihani. Asubuhi mwalimu huanza picha mbele yenu, mkiona anavyotia maji na anavyoacha karatasi nyeupe mahali pa mwanga, kisha kila mtu anatafuta kivuli chake. Mchana jua ni kali, watu hulala. Jioni mnatoka tena, na kabla ya chakula kazi zote hupangwa ukutani, mwalimu akazipitia moja baada ya nyingine. Usiikose saa hiyo hata kama umechoka. Utajifunza mengi kwa kusikia picha ya jirani ikisemwa kuliko kwa kusifiwa yako.

Kitu kitakachokushangaza ni jua lenyewe. Huku kwetu, karibu kabisa na Ikweta, jua hushuka wima. Ukiwa Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, unachora mitumbwi, ule mwanga wa dhahabu unaukimbiza, na ikikaribia saa moja umeshakwisha. Toscana mwezi wa Juni jua huzama karibu saa tatu usiku, tena linashuka kwa mshazari, likikaa chini juu ya vilima kwa muda mrefu. Vivuli vya misonobari ile myembamba vinalala shambani, nawe una wakati wa kuvitazama, kuvichora na kuvirekebisha. Chora mandhari ileile asubuhi na jioni, siku baada ya siku. Wengi hurukaruka kila siku mahali papya wakarudi na vipande vipande. Wewe shika kilima kimoja mpaka ukijue.

Mizeituni itakusumbua. Kijani tulichozoea cha migomba na miwa hakifai kabisa, kwa sababu jani la mzeituni lina fedha kwa chini na upepo ukiligeuza mti wote unabadilika. Changanya buluu ya ultramarini na rangi iitwayo udongo wa Siena uliochomwa (burnt sienna), utapata kijivu. Ongeza njano ya udongo kidogo sana, kwa ncha ya brashi. Udongo huo wa Siena una chuma ndani yake, nao ukichomwa hugeuka kutoka manjano hadi wekundu wa kahawia. Umeukanyaga maisha yako yote kwenye barabara za vijijini Kakamega, kwa hiyo rangi hiyo hutahitaji kufundishwa.

Na hiyo nyumba, uiulize historia yake. Zamani wakulima wa huko walilima shamba la tajiri na kugawana naye mavuno nusu kwa nusu. Ng'ombe walikaa chini, watu juu, joto la mifugo likiwapandia wakati wa baridi. Miaka ya 1950 na 1960 vijana walikimbilia viwanda vya mjini, na sheria ya 1964 ikazuia mikataba mipya ya aina hiyo. Nyumba zikabaki tupu, mapaa yakaporomoka. Baadaye watu wakaanza kuzikarabati, na sheria ya 1985 ikawatambua wakulima wanaopokea wageni shambani. Kwa hiyo chumba mtakacholia chakula huenda kilikuwa zizi. Chora mlango wake.

Ukipata siku ya mjini Siena, ingia Palazzo Pubblico, jumba la serikali ya mji. Mchoraji wa kale, Ambrogio Lorenzetti, alichora humo ukutani, mwaka 1338 na 1339, mji wenye amani na mashamba yake, watu wakilima, wakivuna na kuswaga punda. Wewe unayechora akina mama wa sokoni utasimama hapo sana.

Sasa pesa. Kabla binti hajalipa, aulize: viza ikikataliwa, zinarudishwa? Chumba cha peke yako kinaongezwa bei gani? Nani atakuchukua stesheni? Nyumba hizi ziko mbali na maduka, na matatu hakuna. Viza ya Schengen, ile ya kuingia Italia na nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Usingoje siku 15 za mwisho. Nenda Mei, Juni au Septemba. Agosti joto ni la kuchosha, na rangi ya maji hukauka kabla hujaitandaza. Beba karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita mraba, haikunjamani sana.

SWALI: Mimi nachora kwa rangi za mafuta hapa Nakuru. Nikialikwa huko, nibebe tapentaini?
Kijana wa Nakuru

JIBU: Hapana, mwanangu. Tapentaini inawaka, hairuhusiwi ndani ya ndege, si mkononi wala kwenye mzigo. Nunua ukifika. Kisu cha rangi kiweke kwenye begi la mzigo. Chora kwenye vibao vidogo kwa rangi nyembamba, maana mafuta huchukua siku kadhaa kukauka, na siku mbili za mwisho usianze picha mpya. Vibao viwili vikiangaliana, weka vipande vya kizibo kwenye pembe visigusane, kisha uvifunge kwa kamba.