Kushusha gari bila kelele: springi fupi kwenye Fielder

Kelele nyingi zinazoanza baada ya gari kushushwa hazitoki kwenye springi mpya. Chanzo ni jinsi zilivyofungwa: bushi (viungo vya mpira) zilizokazwa gari likiwa limening'inia, springi isiyokalia mahali pake, au raba iliyosahaulika sakafuni. Hapa tunatumia Toyota Fielder NZE141 inayovutwa na magurudumu ya mbele, kwa sababu iko kila mtaa wa Nairobi.

Chagua springi za kushusha takriban sentimita 3. Matuta ya mitaani kwetu hayana kipimo kimoja, na gari hubeba watu watano na mizigo juu yake. Ukifika sentimita 5, mara nyingi bampa ya mbele na ekzosi ndizo zinazoumia kwanza.

Fundi akisema atakata springi zako za zamani kwa moto, mkatalie. Joto huua uimara wa chuma karibu na pale palipokatwa. Tena, ncha iliyotengenezwa ikalie kikalio inaondoka, kwa hiyo gurudumu likining'inia springi inalegea na kuhama. Hata ikikatwa kwa msumeno bila joto, springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikipoteza 1, ugumu wake unapanda kwa asilimia 20, na shokamzoba hazikuundiwa ugumu huo. Na kama shokamzoba zako zinavuja mafuta, badilisha zote pamoja. Usizifunge tena chini ya springi ngumu zaidi.

Kabla ya kugusa spana, pima. Egesha mahali tambarare, upepo wa matairi ukiwa sawa, gari likiwa tupu. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, uandike. Ukipima kutoka chini, hali ya tairi inaingia kwenye hesabu.

Mbele, legeza kidogo zile nati za magurudumu gari likiwa chini, inua, uweke stendi. Usilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Toa stabilaiza linki (fimbo fupi inayounganisha shokamzoba na stabilaiza), kishikio cha paipu ya breki na waya wa ABS, kisha bolti mbili za chini za shokamzoba. Weka alama ya rangi mahali bolti zilipokaa. Shikilia ile nakoli (chuma kinachobeba gurudumu) isianguke nje na kuvuta paipu ya breki. Nati tatu za juu hutoka mwisho.

Nati ya katikati ya shokamzoba haiguswi mpaka springi ibanwe na kulegea kabisa kwenye vikalio vyake. Weka vibano viwili vikitazamana, na uvikaze kwa zamu, mizunguko michache kila upande, kwa spana ya mkono. Usitumie mashine ya upepo, na usiweke uso mbele ya ncha ya shokamzoba. Springi iliyobanwa inaweza kuua mtu.

Sasa angalia kwa karibu. Ncha ya chini ya springi lazima iguse kizuizi cha kikalio. Ikibaki na nafasi ya kidole, itajizungusha baadaye na kutoa mlio. Raba za juu na chini zirudishwe zote. Ile raba ya kuzuia kugonga ikatwe tu ikiwa maelezo ya springi yanasema hivyo, na kwa kipimo kilichoandikwa.

Nyuma ni rahisi zaidi. Tegemeza boriti (chuma kinachounganisha magurudumu ya nyuma) kwa jeki, toa bolti za chini za shokamzoba pande zote mbili, ishushe polepole ukitazama paipu za breki na waya. Springi hutoka yenyewe. Ipya ikiingia, hakikisha raba zake zimekaa sawa kabla ya kupandisha.

Hapa ndipo gereji nyingi hukosea. Bushi ni mpira ulioshikamana na chuma ndani na nje, na bolti ikikazwa, chuma cha ndani hakizunguki tena: mpira ndio unaojipinda. Ukikaza gari likiwa hewani, mpira unapindika mara tu gari linapokaa chini. Mpira huo unasukuma gari juu, kipimo chako kinakosa, na baadaye unapasuka. Kwa hiyo bolti za boriti ya nyuma na kila bolti inayopita kwenye bushi ilegezwe, gari lishushwe, litikiswe mara kadhaa, lisogezwe mbele na nyuma, ndipo ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari. Gereji yenye shimo inafaa sana hapa. Bila shimo, pandisha gari juu ya mbao imara.

Pima tena siku hiyo, kisha baada ya wiki mbili. Springi hutulia kidogo kwa matumizi, kwa hiyo alaimenti (kurekebisha pembe za magurudumu) ifanyike baada ya muda huo, si siku ya kwanza. Usiiache, maana pembe za magurudumu zimebadilika na tairi litaliwa upande wa ndani. Rekebisha pia mwelekeo wa taa.

Ukisikia mlio, usibahatishe. "Tang!" ukikata usukani gari limesimama: beringi ya juu au springi isiyokaa sawa. "Ko-ko-ko" kwenye barabara ya mawe madogo: stabilaiza linki. Kishindo kizito kwenye tuta gari likijaa: raba ya kuzuia imefika mwisho, na hiyo ni dalili kwamba umeshusha kupita kiasi au springi ni laini kwa mzigo wako. Mtikisiko gurudumu linapodondoka shimoni: springi inalegea ikining'inia, kwa hiyo inua gari uone kama inazunguka kwa mkono. Ikizunguka, gari lisitoke gerejini.