Ukipewa Kumshukuru Mwenyekiti Anayeondoka

Juzi kijana mmoja wa Lamu ameniandikia: "Shikamoo Mama. Mwenyekiti wa kamati yetu ya urithi anang'atuka mwezi ujao, na mimi ndiye niliyepewa kusema neno la shukrani. Nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Jumamosi iliyopita tumemuaga Maalim, mwenyekiti wetu wa kamati ya sanaa na urithi hapa Mji wa Kale, Mombasa, na furaha yake bado ninayo. Lakini nianze na aibu yangu.

Mwenyekiti aliyemtangulia, pia nilimuaga mimi. Niliandika kurasa nne. Mbili za mwanzo zilikwisha kwa kuwataja wakubwa waliohudhuria, kila mtu na cheo chake. Mbili zilizobaki nikamwita nguzo, taa, nahodha. Tukampa saa ya ukutani. Mzee akasimama, akasema "Ahsanteni," akaketi. Nikadhani ni unyenyekevu. Wiki mbili baadaye nikakutana na mkewe Marikiti anachagua nazi, akaniuliza kwa upole: "Mbona mlango hamkuutaja?"

Mlango! Kuna nyumba Kibokoni, wenyewe walikuwa washauuza mlango wao wa nakshi na pikapu ishafika kuuchukua. Mzee alikwenda akaketi kwenye baraza yao tangu alipotoka kusali alfajiri, akimhesabia mwenye nyumba mababu zake waliopita chini ya kizingiti kile, hata adhuhuri ikaadhiniwa na pikapu ikaondoka tupu. Mlango ule naupita kila siku. Nami nilisimama mbele ya watu, nikasema taa na nahodha. Linanichoma hadi leo.

Nyinyi wa Lamu, mji wenu wa kale uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001. Kwetu kilichoingia, mwaka 2011, ni ngome ya Fort Jesus. Ukitoka ngomeni ukashika Ndia Kuu, roshani na milango inahitaji mtu wa kwenda kupiga hodi na kubembeleza. Kazi hiyo ndiyo inayomchosha mwenyekiti, na kwenye kumbukumbu za mkutano huioni.

Kwa hiyo safari hii sikuandika kwanza. Nilikwenda kwa fundi wa chokaa, nikamuuliza: "Maalim unamkumbuka kwa lipi?" Akanieleza habari za nyumba moja ya mtaa wa Kuze. Mwenye nyumba alishanunua saruji apige plasta ukuta wa matumbawe. Maalim alikwenda kwake mara tatu kumfahamisha kwamba saruji huziba ukuta, unyevu ukakosa pa kutokea, na chumvi ikayala mawe kwa ndani. Mara ya tatu alikwenda na fundi mwenyewe, na vijana wawili wa kujifunza kazi ya chokaa. Nikaenda pia kwa mabinti aliowakutanisha na bibi zao wafundishwe vugo, ngoma ya harusi ya kina mama inayopigwa kwa pembe, kwa sababu harusi nyingi siku hizi hazisikii pembe tena.

Jumamosi nilisema maneno machache, yote ya Kuze na ya vugo. Kisha nikamwita fundi. Akasema, "Maalim, mvua za mwaka huu ukuta haukutoa hata doa." Maalim alijifunika uso kwa ncha ya leso. Mabinti hawakungoja nimalize, pembe zikalia. Namshukuru Mungu, safari hii nilifanya sawa, na ninajivunia.

Basi mwanangu, taja kazi. Taja kazi moja kwa jina la mtaa wake, na umwite aliyeiona. Wakubwa wasalimie kwa sentensi moja. Halafu taja kazi! Sisi watu wa mwambao maneno hatukosi, lakini mtu akishafunikwa udongo ndipo tunapokumbuka alichotufanyia. Yeye keshaondoka, hasikii. Tuache. Aliyeacha biashara yake miaka minane akazunguka vichochoroni kutetea mbao na mawe yasiyo yake, ana haki ya kusikia akiwa hai, mbele ya wanawe, kwamba tulimwona.

Kalamu iweke chini kwanza. Kesho baada ya alasiri nenda kwa mafundi, kisha kwa kina mama, uulize.

Mimi nami nina ziara yangu. Mzee wa ule mlango siku hizi anaishi Likoni. Ijumaa nitavuka kwa feri nikamwambie, yeye na mkewe wakiwa pamoja.