Boriti ya paini kwenye moto: karatasi kwanza, kompyuta baadaye

Anayesanifu loji ya mbao Usa River au Marangu ataulizwa tu: moto ukiwaka, paa litasimama dakika ngapi? Wengi hukimbilia programu. Ushauri wetu ni kwamba upate jibu la kwenye karatasi kwanza, kwa sababu modeli ya joto (programu inayokokotoa jinsi joto linavyoingia ndani ya mbao) ina tabia ya kutoa picha ya rangi nzuri yenye uongo ndani.

Karatasi yenyewe ni fupi. Kwa moto wa kawaida wa maabara (ISO 834), Eurocode 5, kanuni ya Ulaya ya kusanifu majengo ya mbao, inasema mbao laini kama paini na saiprasi huliwa milimita 0.8 kwa dakika, kona zinazoviringwa zikiwa zimeshahesabiwa. Ongeza milimita 7 za mbao ambayo haijawa mkaa lakini imepoteza nguvu. Boriti ya 150 kwa 200 ikiungua pande tatu kwa dakika 30, unatoa 24 na 7, yaani 31 kila upande unaoungua. Inabaki 88 kwa 169, na uwezo wake wa kuhimili kupinda unashuka hadi asilimia 42. Mara nyingi hiyo inatosha, maana mzigo unaohesabiwa wakati wa moto ni mdogo kuliko wa siku zote.

Rudia hesabu hiyo kwa kenchi ya mbili kwa sita. Unene ni milimita 50, moto uko pande zote mbili: kabla ya dakika 23 hakuna mbao ya kubeba kitu. Hapo modeli haikusaidii. Ongeza unene au funika.

Ukiingia kwenye modeli, anza na mbao uliyonayo. Paini ya West Kilimanjaro ikitoka kiwandani mara nyingi bado mbichi. Kata kipande, kipime, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito usibadilike, kisha gawa maji yaliyotoka kwa uzito mkavu. Hata ukipata asilimia 25, kwenye modeli weka 12, kwa sababu jengo likishakaa mbao itakuwa imekauka. Maji ya ziada yanaipendelea boriti isivyo haki.

Maji hayohayo ndiyo yanayoharibu modeli nyingi. Kati ya nyuzi 99 na 120, joto mahususi la mbao (joto linalohitajika kupandisha kilo moja kwa nyuzi moja) kwenye jedwali la Eurocode 5 linaruka kutoka 1.77 hadi 13.6 kJ kwa kilo kwa nyuzi, kisha linarudi 2.12. Huo ni mvuke unaotoka. Hatua ya muda, yaani kipindi modeli inachoruka kati ya hesabu moja na inayofuata, ikiwa ndefu, kipande cha mbao kinatoka nyuzi 95 hadi 125 kwa mruko mmoja, na modeli haioni kwamba kulikuwa na maji ya kuchemsha. Matokeo yake mkaa unaenda haraka kuliko ukweli. Dawa ni kuhesabu kwa enthalpi (jumla ya joto lililomo ndani ya mbao), au kufupisha hatua.

Tena ifupishe sana ukiandika mwenyewe kwa Python kwa njia ya moja kwa moja (explicit), ambapo joto la hatua inayofuata linatokana na la hatua iliyopita tu. Kwa vipande vya milimita 1 na densiti ya kilo 450 kwa mita ya ujazo, mbao baridi inavumilia hatua ya sekunde 1. Lakini uso ukifika nyuzi 900 na zaidi, mkaa ni mwepesi na unapitisha joto kwa kasi, na hatua ileile italipua namba zote. Sekunde 0.02 ni salama zaidi. Kwenye uso weka mpitisho wa hewa 25 W/m²K na utoaji mnururisho (emissivity) 0.8.

Halafu hakiki. Nyuzi 300 ndipo mkaa unapoanzia. Katikati ya upande ulionyooka, mbali na kona, mstari wa nyuzi hizo uwe karibu milimita 19.5 baada ya dakika 30, yaani 0.65 kwa dakika. Ukilinganisha na 0.8 utahangaika bure kurekebisha modeli isiyo na kosa, kwa kuwa 0.8 imebeba kona, na kona modeli ya vipimo viwili (2D) inaziviringa yenyewe.

Upitishaji joto kwenye jedwali hilo ni 0.12 W/mK kwa mbao baridi na 1.5 kwa nyuzi 1200. Mkaa mzima haupitishi hivyo. Ndani ya namba hiyo zimefichwa athari za nyufa na za mkaa unaopukutika. Kwa hiyo usiipeleke kwenye moto unaopoa. Na kupoa ndiko kunakotisha kwa nguzo: moto umezimwa, joto bado linaingia ndani, na mbao ya nyuzi 100 imebakiza robo tu ya nguvu yake ya mgandamizo.

Boliti na bamba za chuma zitazame peke yake. Chuma kinapitisha joto mara mamia kuliko mbao, hivyo boliti iliyo wazi inaunguza tundu lake kutoka ndani wakati boriti yenyewe bado nene. Zamisha kichwa na nati, kisha ziba kwa kizibo cha mbao kilichogundishwa. Unene wake uhesabu kama mbao ya kuliwa na moto.